Donge la Damu Katika Mshipa wa Moyo

Mkulima mwenye shamba la migomba chini ya mlima aijua thamani ya mfereji. Maji yakikatika, haketi akingoja. Huchukua jembe lake, akaufuata mfereji kwenda juu, hata afike mahali palipozibwa na tope au majani yaliyooza. Hapo huinama, hulitoa lile donge kwa mkono wake, na maji hushuka tena shambani. Wala hapana mtu amwulizaye kama amefanya vema, kwa kuwa jambo lenyewe li wazi mbele ya macho ya wote.

Katika habari hii twataka kuwaeleza wasomaji wetu jinsi matabibu walivyowaza vivyo hivyo juu ya moyo wa mwanadamu. Walitaka kulitoa donge la damu lizibalo mshipa wa moyo, kama mkulima atoavyo tope katika mfereji wake. Walipata chombo, wakapata na ustadi, na donge likatoka. Walakini walipohesabu kwa uaminifu waliopona na waliokufa, waliona ya kuwa jambo lile lililokuwa wazi kama mchana halikuwa kama walivyodhani. Huenda wengi wetu hatutaingia kamwe katika chumba cha matabibu hao; lakini habari hii yatufaa sote, maana yatufundisha jinsi ya kuipambanua kweli na mambo yanayofanana na kweli.

Kwanza yatupasa kuujua moyo wenyewe. Moyo ni msuli wenye ukubwa kama wa ngumi ya mwenyewe, nao hupiga kadiri ya mara 100,000 kila siku bila kupumzika. Mwaka 1628 tabibu Mwingereza, jina lake William Harvey, alitoa kitabu kilichothibitisha ya kuwa damu huzunguka mwilini, ikitoka moyoni na kurudi moyoni. Lakini moyo hauli damu ile ijazayo vyumba vyake. Una mishipa yake wenyewe, nayo yauzunguka kwa nje kama taji lizungukavyo kichwa cha mfalme. Kwa sababu hiyo wataalamu wameiita mishipa ya taji. Ni mishipa myembamba sana, hata iliyo mikubwa haizidi unene wa bua dogo la nyasi, na uhai wote wa mtu wategemea njia hizo nyembamba.

Kwa miaka mingi mafuta hujikusanya katika kuta za mishipa hiyo, yakafanya kitu kama ukoko wa chungu. Mtu huenda akaishi na ukoko huo pasipo kujua. Siku moja ukoko hupasuka, na damu, ikidhani ya kuwa pana jeraha, hukimbilia pale na kuganda. Tabia hii ya kuganda ni zawadi kubwa tuliyopewa na Muumba wetu; pasipo hiyo mtu aliyejikata kwa panga angetokwa na damu hata kufa. Lakini ndani ya mshipa mwembamba wa moyo, zawadi hiyo hugeuka kuwa adui. Donge huziba njia, na ile sehemu ya moyo iliyokuwa ikinyweshwa na mshipa huo huanza kufa, kama mgomba uliokatiwa maji. Lakini mgomba huvumilia siku nyingi, na moyo hauvumilii ila saa chache. Hilo ndilo liitwalo shambulio la moyo.

Zamani matabibu walidhani ya kuwa mshipa wa moyo ukizibika ghafula, mtu hufa papo hapo, wala hapana la kufanya. Mwaka 1912 daktari mmoja wa Chicago, katika Marekani, jina lake James Herrick, aliandika ya kwamba sivyo. Alikuwa amemtunza mgonjwa aliyeshikwa na maumivu makali ya kifua, naye hakufa mara ile, bali aliishi saa 52. Mwili wake ulipochunguzwa, donge la damu lilionekana katika mshipa wa moyo. Basi Herrick akafundisha ya kuwa mtu aweza kuzibikiwa na mshipa wa moyo naye akaishi kwa muda, na wengine hata wakapona. Watu wachache tu walimsikiliza mwanzoni. Lakini maneno yake yalikuwa na tumaini ndani yake: ikiwa mgonjwa hafi papo hapo, basi pana nafasi ya kumsaidia.

Lakini nani angeweza kuufikia moyo wa mtu aliye hai? Wengi walisema ya kuwa kuugusa ni kuua. Mwaka 1929, katika mji wa Eberswalde karibu na Berlin, Ujerumani, palikuwa na daktari kijana aitwaye Werner Forssmann. Aliwaza ya kuwa mrija mwembamba ukipitishwa katika mshipa wa mkono, waweza kufika moyoni pasipo kupasua kifua. Mkubwa wake alimkataza. Naye akajikata mkono mwenyewe, akausukuma mrija ndani ya mshipa wake kadiri ya sentimeta 65, akashuka kwa miguu yake hata chumba cha eksirei, na picha ikaonyesha ncha ya mrija imo moyoni. Hatuwashauri vijana wetu kuwaasi wakubwa wao hivyo, wala kuihatirisha miili yao. Lakini njia iliyofunguliwa siku ile haikufungwa tena, na mwaka 1956 Forssmann alishirikishwa Tuzo ya Nobel pamoja na André Cournand na Dickinson Richards, walioiendeleza kazi hiyo huko Marekani. Tena mwaka 1958, katika mji wa Cleveland, dawa ionekanayo katika eksirei iliingia kwa bahati ndani ya mshipa wa taji wa mgonjwa wa daktari Mason Sones. Wote waliogopa, lakini mgonjwa aliishi; na tangu hapo matabibu wakajua ya kuwa wanaweza kuiona mishipa ya moyo kwa macho, na mahali ilipozibika.

Sasa tumtaje mtu mwingine, ambaye kwake twajifunza kwamba Mungu hakuwapa akili wakubwa peke yao. Thomas Fogarty alizaliwa mwaka 1934 katika mji wa Cincinnati. Alipokuwa kijana alifanya kazi hospitalini ya kusafisha vyombo, baadaye akawa mpokezi wa vyombo katika chumba cha upasuaji. Aliona watu wenye madonge ya damu miguuni wakipasuliwa kwa saa nyingi, na wengi wao wakakatwa miguu au wakafa. Akachukua mrija mwembamba, akakata ncha ya kidole cha mfuko wa mkononi wa mpira uvaliwao na wapasuaji, akaifunga kwenye mrija kwa mafundo aliyoyazoea katika kuvua samaki. Mrija ule huingizwa katika mshipa ukapita donge; ndipo kile kidole cha mpira hujazwa maji, kikavimba kama puto, na mtu akiuvuta mrija, puto hulikokota donge mpaka nje. Mwaka 1961 chombo hicho kilitumiwa mara ya kwanza kwa mgonjwa, na baadaye kikaenea ulimwenguni. Hivyo donge la mguu likapata wa kulitoa.

Lakini je, la moyo? Hapo palikuwa na shindano kubwa. Wapo wataalamu waliosema ya kuwa donge silo liletalo ugonjwa, bali hutokea baadaye, moyo ukiisha kufa. Kama mtu aonekanaye penye nyumba iliyoibiwa, ambaye huenda si mwizi bali ni jirani aliyekuja kutazama. Ikiwa ndivyo, kulitoa donge ni kazi bure. Shindano hilo lilidumu miaka mingi, kwa sababu waliochunguzwa walikuwa maiti, na maiti hawezi kusema ni lini donge liliingia.

Neno hilo lilikatwa mwaka 1980 na daktari Marcus DeWood na wenzake wa mji wa Spokane, Marekani. Wao waliipiga picha mishipa ya wagonjwa wakati ule ule wa shambulio, jambo ambalo wengi waliliogopa. Katika wagonjwa 126 waliofika katika saa 4 za kwanza, 110 walikuwa na mshipa uliozibika kabisa, ndio 87 katika kila mia. Lakini katika wale waliopigwa picha baada ya saa 12 hata 24, ni 65 tu katika kila mia. Basi kama donge lingekuwa likija baadaye, hesabu ingalizidi kadiri saa zilivyopita, wala isingalipungua. Tena wengine walipasuliwa upesi, na katika wagonjwa 59 walioonekana kuwa na donge, mrija wa Fogarty ulilitoa donge lenyewe kwa watu 52. Mwizi alikamatwa na mali mkononi.

Tangu hapo matabibu wakatafuta kuliondoa donge kwa bidii zote. Njia ya kwanza ilikuwa dawa. Mwaka 1933 William Tillett alikuwa ametambua ya kuwa vijidudu fulani vya koo hutoa kitu kiwezacho kuyeyusha damu iliyoganda, na kutoka katika hivyo ikapatikana dawa iitwayo streptokinase. Ilitiwa mwilini mwa wagonjwa wengine, wakapona. Na wengine wakafa. Je, waliopona walipona kwa dawa, au wangalipona hata bila dawa? Hapo ndipo wenye hekima walipokubali kutumia kura.

Tafadhali msomaji aliangalie jambo hili, maana ndilo moyo wa habari yetu. Tabibu akichagua mwenyewe nani apewe dawa mpya, huenda akawapa wale wenye nguvu, au wale awapendao, naye hana nia mbaya. Ndipo dawa huonekana njema kwa kuwa waliopewa walikuwa na afya zaidi tangu mwanzo. Lakini wagonjwa wakigawanywa kwa kura, kama Mitume walivyopiga kura alipochaguliwa Mathiya, hapana upendeleo wa mwanadamu. Wazee kwa vijana, dhaifu kwa wenye nguvu, huangukia pande zote mbili karibu sawasawa, ikiwa watu ni wengi. Basi tofauti itakayoonekana mwishoni yatoka kwa dawa, wala si kwa kitu kingine.

Huko Italia walifanya hivyo kwa wagonjwa zaidi ya 11,000, na mwaka 1986 wakatangaza: katika waliopewa streptokinase walikufa 10.7 katika kila mia, na katika wasiopewa 13. Mwaka 1988 wengine wakatangaza hesabu ya wagonjwa 17,187 wa nchi nyingi. Wasiopewa chochote walikufa kwa ugonjwa wa moyo na mishipa 13.2 katika kila mia kwa muda wa majuma 5. Na waliopewa streptokinase pamoja na aspirini walikufa 8 tu. Aspirini! Kidonge kile kile cha maumivu ya kichwa kiuzwacho madukani kwa bei rahisi. Nani angalisadiki, kama hesabu isingalisema?

Njia ya pili ilikuwa puto. Daktari Andreas Gruentzig, mzaliwa wa Ujerumani aliyefanya kazi Zurich katika Uswisi, alitengeneza mirija yenye puto dogo juu ya meza ya jikoni kwake. Tarehe 16 Septemba 1977 alimwingizia mgonjwa mmoja mrija huo hata mshipa wa taji, akalijaza puto, ukoko ukasukumwa kando, na njia ikapanuka. Mwaka 1986, huko Toulouse katika Ufaransa, kikatiwa kwa mara ya kwanza kibomba kidogo cha wavu wa waya, kiitwacho stenti, kishikilie ukuta wa mshipa usirudi kuanguka. Polepole puto na stenti vikatumiwa wakati wa shambulio lenyewe, usiku na mchana. Mwaka 2003 wataalamu walikusanya majaribio 23 ya kura, yenye wagonjwa 7,739: waliofunguliwa mshipa kwa puto walikufa 7 katika kila mia, na waliopewa dawa ya kuyeyusha walikufa 9. Basi puto likashinda, palipo na watu na vyombo vya kulitumia upesi.

Hata hivyo matabibu hawakuwa na raha. Mara nyingi waliufungua mshipa mkubwa, picha ikaonyesha njia i wazi, walakini damu haikufika vizuri katika msuli. Walielewa sababu. Puto linapovimba huliponda donge, na vipande vyake huchukuliwa na damu hata vijishipa vidogo vya mbele, vikaviziba. Mkulima wetu alijua hayo kale: ukilipiga tope kwa jembe badala ya kulitoa, litashuka na kuziba vijifereji vya shambani. Basi wakasema, Tusiliponde donge, tulifyonze kwanza. Wakatengeneza mrija mwembamba wenye tundu, uingizwao hata penye donge; na tabibu huvuta kwa bomba la sindano, donge likanywewa na kutoka nje. Kisha huweka stenti.

Mwaka 2008 matabibu wa Groningen katika Uholanzi, Felix Zijlstra na wenzake, walitangaza kazi yao. Waliwagawanya wagonjwa 1,071 kwa kura. Nusu walifyonzwa donge kwanza, na nusu walitiwa puto kama desturi. Katika waliofyonzwa, karibu watu 73 katika kila mia walitokwa na vipande vya donge, vikaonekana kwa macho katika chujio. Damu ilifika katika msuli vizuri zaidi. Na mwaka ulipotimia, waliokufa kwa ugonjwa wa moyo katika waliofyonzwa walikuwa 3.6 katika kila mia, na katika wengine 6.7.

Furaha ilikuwa kubwa. Na msomaji atafakari jinsi ilivyokuwa vigumu kuwa na shaka. Akili ilisema ndiyo. Macho yalisema ndiyo, maana donge lenyewe liliwekwa mezani, jekundu, tabibu akaweza kumwonyesha mgonjwa na jamaa zake: Tazameni kilichotaka kumwua ndugu yenu. Hata hesabu ya kwanza ilisema ndiyo. Chombo kikaenea katika hospitali nyingi za Ulaya na Marekani, na waandikao kanuni za utabibu wakakikubali. Wahenga wetu walisema, Kipya kinyemi, ingawa kidonda.

Lakini wako waliojua ya kuwa watu 1,071 ni wengi kwa macho, bali ni wachache kwa hesabu ya vifo. Na ile kazi ya Groningen haikupangwa kwanza kwa kuhesabu vifo, ila kwa kutazama jinsi damu ilivyofika katika msuli. Huko Uswidi pana desturi njema: kila mgonjwa atiwaye mrija moyoni huandikwa katika daftari moja la nchi nzima. Daktari Ole Fröbert na wenzake wakalitumia daftari hilo. Mgonjwa alipofika, kura ilipigwa pale pale, na baadaye daftari likaonyesha nani yu hai. Wakaungwa mkono na hospitali za Iceland na Denmark, hata wagonjwa wakawa 7,244. Mwaka 2013 walitangaza: katika siku 30, katika waliofyonzwa donge walikufa watu 103, na katika wasiofyonzwa 110. Kwa mia ni 2.8 na 3.0, tofauti isiyo tofauti, ambayo kura peke yake yaweza kuileta. Mwaka ulipotimia, vifo vilikuwa 5.3 na 5.6 katika kila mia. Ile faida kubwa ya Groningen haikuonekana.

Wengine walisema, Labda idadi haijatosha. Basi wakangoja kazi iliyo kubwa zaidi, iliyoongozwa kutoka Hamilton katika Kanada na daktari Sanjit Jolly, yenye wagonjwa 10,732 wa nchi 20. Jibu lake lilikuja mwaka 2015. Walihesabu waliokufa kwa moyo, walioshambuliwa tena, na waliodhoofika moyo kabisa kwa muda wa siku 180: upande wa waliofyonzwa 6.9 katika kila mia, na upande wa pili 7.0. Sawasawa. Tena lilionekana jambo la kuhuzunisha. Waliofyonzwa donge walipata kiharusi mara nyingi zaidi: watu 33 katika siku 30, na upande wa pili 16. Hesabu ni ndogo, lakini ni watu. Nao walikuja hospitalini na maradhi ya moyo, wakapatwa na maradhi ya ubongo. Yadhaniwa ya kuwa vipande vya donge huteleza katika mdomo wa mrija unapotolewa, vikachukuliwa na damu kwenda kichwani.

Kwa nini basi jambo lenye akili namna hii halikufaa? Wataalamu wafikiri ya kuwa mrija hauwezi kulitoa donge lote. Tena vipande vingine vimekwisha kwenda mbele kabla tabibu hajafika. Na msuli uliokwisha kufa haufufuki kwa kusafishiwa njia. Mfereji wa shamba haukuwa mfano kamili wa mshipa wa mtu. Mfano hutuangazia njia, lakini si njia yenyewe.

Na sasa tuwasifu matabibu. Mwaka ule ule wa 2015 kanuni za Marekani zilibadilishwa, na mwaka 2017 za Ulaya, zikasema ya kuwa kulifyonza donge lisiwe desturi kwa kila mgonjwa. Chombo hakikutupwa, huweza kufikiriwa pale ambapo donge ni kubwa mno na limebaki baada ya mshipa kufunguliwa. Lakini kwa kila mgonjwa, la. Watu waliozoea chombo, walioona madonge kwa macho yao, walikubali kuongozwa na hesabu ya watu wasiowajua. Hilo si jambo dogo. Ni vigumu kwa mtu kusema, Nilikosea. Na kwa mtu mwenye elimu ni vigumu zaidi.

Mtu asije akafikiri ya kuwa kutoa madonge ni upuuzi mahali pote. Mwaka huo huo wa 2015, Waholanzi walitangaza hesabu ya wagonjwa 500 wa kiharusi, ambao donge lilikuwa katika mshipa mkubwa wa ubongo. Waliopata matibabu ya kulitoa donge kwa mrija, karibu 33 katika kila mia waliweza baada ya miezi 3 kujitegemea wenyewe. Waliotibiwa kwa desturi ya zamani peke yake, 19 tu. Majaribio mengine yakathibitisha hayo. Basi tendo ni moja: moyoni halikuongeza faida, na kichwani limewainua wengi. Nani angaliweza kuyajua hayo kwa kuwaza tu akiwa kitini? Ilipasa kujaribu, na kujaribu kwa haki.

Sasa turudi kwetu. Vijijini twasikia kila siku maneno haya: Fulani alikunywa dawa hii akapona, basi dawa hii ni kweli. Mwenye kusema hivyo huenda si mwongo. Amemwona fulani kwa macho yake, kama matabibu walivyoliona donge mezani. Lakini yatupasa kumwuliza kwa upole: Ni wangapi waliokunywa wasipone? Na ni wangapi ambao hawakunywa wakapona vilevile? Asipoweza kujibu, hajatuletea ushahidi. Ametuletea hadithi moja. Kuuliza hivyo si kukosa imani wala kumdharau mzee. Mwenyezi Mungu ni Mungu wa kweli, naye hafurahishwi na watu wake wakifa kwa sababu ya jambo lililoonekana zuri na kumbe halina nguvu. Sisi walimu twapaswa kuwafundisha watoto hesabu, si kwa ajili ya kununua na kuuza tu, bali ili wajue kuwalinda jirani zao na makosa yenye sura nzuri.

Neno la mwisho ni la kazi. Majaribio haya yote yalipatana katika jambo moja, nalo ni wakati. Sisi twasema, Haraka haraka haina baraka. Lakini kwa ugonjwa huu methali hiyo isitumiwe. Mtu akishikwa na maumivu mazito katikati ya kifua, kama amewekewa jiwe, yakapanda taya au kushuka mkono, naye akatokwa na jasho baridi, akakosa pumzi au kuona kichefuchefu, asiambiwe alale hata asubuhi, wala asipelekwe kwanza kuulizwa ni nani aliyemloga. Apelekwe hospitalini mara moja, na wenye kumtunza watajua kama yafaa apewe aspirini na dawa ya kuyeyusha donge. Hata katika nchi zetu kazi ya puto na stenti imekwisha kufika. Huko Dar es Salaam hufanywa katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015. Na aliye mzima auhifadhi moyo wake: aache tumbaku, apimwe msukumo wa damu, apunguze chumvi na mafuta, wala asiache kuutumia mwili wake kwa kazi.

Kwa habari ya donge tumeona watu wa namna nyingi: yule aliyejikata mkono, yule aliyesafisha vyombo, yule wa meza ya jikoni, na wale wenye daftari. Wote walitaka kuokoa maisha. Lakini wenye daftari walifanya kazi isiyo na shangwe, maana walileta habari ambayo wengi hawakutaka kuisikia. Na kwa habari hiyo huenda wako wagonjwa walioponywa na kiharusi ambacho hawatajua kamwe ya kuwa kiliwapita. Tumwombe Mungu atupe na sisi moyo wa namna hiyo: moyo wa kutenda upesi palipo na haja, na wa kukubali kusahihishwa kweli inapokuja.